Kijaluba Kwanza Kifunge: Kutoka Wete Kumfuata Fundi wa Fedha Unguja

Jumamosi

Gari ya kwanza ya Wete kwenda Mkoani haiondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu, kwa hiyo alfajiri yangu niliimalizia stendi. Boti ilijaa magunia, ndizi na kuku waliofungwa miguu. Mkondo ulikuwa mkali, nikafumba macho mpaka niliposikia watu wakisema Tumbatu ile. Safari ya bahari sina zaidi la kuieleza; anayetaka kujua ilivyokuwa aliulize tumbo langu.

Nilichokifuata ni kijaluba. Mimi Wete ni mchoraji wa hina na piko, na msimu wa harusi ukifika, hasa karafuu zikishauzwa na mifuko ikawa mizito, sipati usingizi. Sasa kuna familia inamuoza binti yao na inataka sinia ya uraibu iwe kamili, ya kizamani hasa, na kijaluba chake kiwe cha fedha chenye nakshi ile ile nitakayomchora bibi harusi mikononi. Wakaniuliza kama naweza. Nikawaambia nakshi naiweza, fedha siijui. Nikaulizia huku na kule, nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Mji Mkongwe ambaye bado anakifua kijaluba chote mwenyewe, kuanzia fedha chakavu mpaka bawaba.

Kwa vijana wa siku hizi: kijaluba ni kisanduku kidogo cha madini cha kuwekea uraibu, yaani tambuu, popoo, katu, iliki, karafuu, na tumbaku kwa anayeitumia. Chokaa ina kikopo chake pembeni isije ikachafua vyengine. Mgeni akikaa barazani anasogezewa. Leo tunamsogezea soda.

Shangazi alinipokea Malindi ya Unguja, akanitazama juu mpaka chini, akaniambia nimekonda. Kila mwaka nimekonda.

Jumapili

Karakana ya mzee ni chumba kimoja katika uchochoro wa Kiponda, dirisha moja, meza moja iliyoungua kila mahali, na chini ya meza kipande cha ngozi kimetandazwa na kufungwa pembe zake ili kila chenga inayodondoka ibaki humo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Pemba? Hebu nione hiyo kazi yako."

Nikampa daftari langu la michoro ya hina. Aliligeuza kurasa taratibu, miwani ikiwa puani, akasimama kwenye ukurasa wa maua ya kiganja, akalirudisha.

"Mkono unao. Kisanduku je?"

Nikamwambia nimekuja kujifunza nakshi. Akacheka. "Nakshi ya juu ya nini?"

Akatoa vijaluba vitatu kutoka kwenye mtoto wa meza, akavipanga mbele yangu na kuniamuru nifumbe macho. Nivifungue na kuvifunga kimoja kimoja kwa kupapasa, bila ya kutazama nakshi yake. Cha kwanza kifuniko kilicheza, kikagonga upande wa kushoto kabla ya kulia. Cha pili kilifunga lakini kilitaka kusukumwa kwa kidole gumba, kikatoa mlio wa kukwaruza. Cha tatu nilikiachia tu kifuniko kishuke. Kikashuka polepole, na kilipokaribia kukaa nilihisi pumzi nyembamba ya hewa ikinigusa kidole, kisha "tk", basi. Nilipofumbua macho nikaona hicho cha tatu ndicho chenye nakshi kidogo kuliko vyote: ukingo tu wa kuzunguka na ua moja katikati. Cha kwanza ndicho kilichochorwa mpaka chini ya tumbo.

"Wazungu wananunua kile," mzee akasema akionyesha cha kwanza. "Mimi nakiita kipande cha bati kilichovaa nguo nzuri."

Alasiri akanichukua kwenye duka la vitu vya kale, si mbali. Mwenye duka akatutolea kisanduku cha fedha cha mfukoni, cha mstatili, akaapa kuwa ni cha Seyyid Barghash, sultani wa zamani wa Unguja. Mzee akakigeuza, akafungua, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, kisha akanipa mimi. Ndani ya kifuniko kulikuwa na mihuri midogo mno: simba anayetembea, nanga, herufi, na kichwa cha mtu kwa ubavu. Simba ni fedha ya Kiingereza ya 925 kwa elfu. Nanga ni mji wa Birmingham, ambao umekuwa na ofisi yake ya kupima madini tangu 1773. Kile kichwa ni alama ya ushuru uliofutwa mwaka 1890, kwa hiyo kisanduku ni cha kabla ya hapo. Kilitengenezwa kuwekea ugoro, na waliokuwa wakivifua kule karne ya kumi na tisa walikuwa mabingwa. Jina la Nathaniel Mills, mmoja wao, mpaka leo linapandisha bei mnadani.

Mimi nilikuwa tayari kumcheka mwenye duka. Mzee alinikataza tulipotoka. Barghash alitawala kutoka 1870 mpaka 1888, zawadi zilikuwa zikija kwa meli, na nani ajuaye mikono iliyokishika. Si lazima mtu awe muongo. Kilichomvutia yeye ni kwamba kwa nje bawaba yake haionekani kabisa. Imelazwa ndani ya ukuta wa kisanduku, ukipitisha ukucha hukwami popote. Ugoro ni unga, ukiacha upenyo unamwagika mfukoni au unakauka. "Wale jamaa waliijua bawaba," akarudia mara nyingi njia nzima, mpaka tukafika Darajani nikanunua maembe.

Jumatatu

Leo fedha yenyewe. Shangazi amenipa vikuku vyake vilivyokatika, mzee ameongeza vipande kutoka kwenye kopo lake. Kwanza anasugua kila kipande kwenye jiwe jeusi, anadondosha tindikali kwenye mstari uliobaki juu ya jiwe na kutazama rangi inavyogeuka. Vikuku viwili vikaonekana ni shaba iliyopakwa. Shangazi atasikia habari hiyo nikishakula chakula cha usiku.

Kopo la mzee lina reale. Ile ya Shamu, yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo hata baada ya mwanamke mwenyewe kufariki. Ilienea Habasha, Yemen, Oman na pwani yetu yote, na kwa masonara haikuwa sarafu tu, ilikuwa bamba linalosubiri moto. Kila mtu alijua ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni 833 kwa elfu, iliyobaki shaba. Mteja alikuja na reale zake, fundi akazipima mbele yake, kazi ikirudi inapimwa tena. Hakuna risiti iliyo safi kuliko hiyo. Kijaluba cha kiasi changu, urefu wa vidole vinne, kinakula kama reale nne.

Ana na moja ya Seyyid Barghash mwenyewe, ya mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882. Nilipoisogeza upande wa kikombe cha kuyeyushia kwa mzaha, alinipiga kikofi mkononi. Zile zilikuwa chache tangu zilipotoka. Hazitiwi motoni.

Tulitia vikuku vya shangazi vilivyokuwa fedha kweli, vipande, na shaba nyekundu kiasi alichokadiria yeye ili tufike karibu na kile kiwango cha reale. Nikamuuliza kwa nini asiache fedha iwe safi zaidi. Fedha safi kabisa ni laini, akasema, kifuniko kitabonyea bibi harusi akikalia mkoba. Shaba ndiyo inayoipa mgongo. Akanyunyizia boraksi, ule unga wa kusafisha fedha motoni, akafungua moto wa gesi, na baada ya muda vipande vikaanza kujikunja, vikaangukiana, vikawa tone moja linalozunguka, uso wake unang'aa na kutetemeka. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 962. Ikichanganywa na shaba inayeyuka mapema zaidi. Mzee hana kipimo chochote. Alitazama tu namna lile tone linavyojizungusha, akasema "sasa", akamimina kwenye kalibu ya chuma iliyopakwa mafuta. Moshi, harufu, na mche mmoja mfupi mweupe.

Halafu nyundo mpaka Alasiri. Kila ukipiga fedha inakaza. Ukiendelea kuipiga ikishakaza itapasuka kingo. Kwa hiyo unapiga, unaitia moto mpaka iwe nyekundu ya kufifia, unaizamisha majini, inalegea, unaanza tena. Ile nyekundu inaonekana kivulini tu, na ndiyo sababu dirisha la karakana ni moja. Mimi nilidhani ni umasikini. Mwisho bamba likapitishwa kwenye mashine ya mkono ya magurudumu mawili mpaka likafika chini kidogo ya milimita moja.

Mabega yananiuma mpaka hina siku mbili tatu hizi nisingeiweza.

Jumanne

Nilikuwa nafikiri kisanduku kinatengenezwa mwili, kisha kifuniko, kisha vinaoanishwa. Wapi. Mzee anajenga kisanduku kizima kilichofungwa pande zote sita, hakina mlango, halafu anakikata kwa msumeno kukizunguka, na hapo ndipo kifuniko na mwili vinazaliwa. Vimetoka kwenye ukuta mmoja, kwa hiyo haviwezi kupishana pembe. Ukivitengeneza mbali mbali utasugua tupa mpaka uzeeke.

Kuta nne ni ukanda mmoja. Mahali pa kukunja anachimba mfereji wa pembe kwa tupa mpaka unakaribia kutoka upande wa pili, anasimamia pale ambapo mgongo wa bamba unaonyesha mstari hafifu, kisha anakunja kwa vidole. Pembe inakaa kali, haina mviringo. Ndani ya mfereji inaingia lehemu, madini ya kuungia.

Hapa kwenye lehemu nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoelewa kuwa kazi hii ni ya kufikiri zaidi kuliko ya mikono. Lehemu ya mzee ni fedha iliyochanganywa na shaba ya manjano, na ana za aina tatu katika vikopo vitatu: inayochelewa kuyeyuka, ya kati, na inayowahi. Kiungo cha mwanzo kinatumia inayochelewa, cha mwisho inayowahi, ili ukirudisha kazi motoni viungo vya jana visifunguke. Anayeanza na ile inayowahi amejifungia njia. Vipande vyenyewe ni vidogo kuliko punje ya mchele, vinapangwa kwa kijiti chenye maji ya boraksi. Na moto hupeleki kwenye kiungo. Unapasha kisanduku chote, taratibu, mpaka chote kiwe na joto moja, kwa kuwa lehemu inakimbilia palipo na joto zaidi. Ukichoma upande mmoja itapanda huko huko na kukuachia ufa. Ukipatia, unaona mstari mweupe unakimbia kona mpaka kona kwa kufumba na kufumbua. Nilipiga kelele. Mke wa mzee akatoka jikoni kuja kutazama nani kaungua.

Kabla ya kufunga upande wa sita alitoboa tundu dogo chini. Hewa ikifungiwa ndani na kutiwa moto inatanuka, na kisanduku kinavimba au kinapasuka usoni mwako. Tundu hilo ataliziba mwisho.

Kazi ikitoka motoni ni nyeusi na chafu. Inatumbukizwa kwenye sufuria ya ukwaju unaochemka, ule ule wa mchuzi wa samaki, na inatoka nyeupe. Asidi ya ukwaju inakula kutu ya shaba iliyokuja juu na kuiacha fedha. Ukirudia moto na ukwaju mara kadhaa, ngozi ya juu inabaki fedha tupu, ingawa ndani mchanganyiko ni ule ule. Vitu vya zamani vina weupe ule wa maziwa kwa sababu hiyo, na vya dukani vilivyopakwa kwa umeme havifanani navyo.

Msumeno ulipita baada ya Alasiri. Nilishika mimi, yeye akizungusha.

Jumatano

Bawaba. Siku nzima ni bawaba.

Anaanza na ukanda mwembamba wa fedha, anaukunja uwe mfereji, kisha anauvuta kwa koleo kupitia bamba la chuma lenye matundu yaliyopangwa kutoka makubwa mpaka madogo. Kila tundu linaukaza, mpaka unakuwa kijibomba chenye nafasi ya sindano katikati. Anaukata vipande vitano. Lazima idadi iwe ya witri, ananiambia, kwa sababu upande mmoja lazima uwe na kimoja zaidi ili ushike kingo zote mbili: vitatu vya mwili, viwili vya kifuniko. Kisha kwenye mstari ambapo mwili na kifuniko vinakutana anachimba kitanda kwa tupa ya duara, nusu kwa huyu nusu kwa yule, vijibomba vilale humo visitokeze.

Vipande vitano vinapangwa kitandani vikiwa vimepitishwa waya, na kila kimoja kinawekewa chembe moja ya lehemu upande wake tu. Ikivuka upande wa pili, bawaba imekufa na kisanduku kimefungwa milele. Ili isivuke, mahali pa kuachana anapaka udongo laini uliokorogwa na mafuta, kwa kuwa lehemu haishiki palipo pachafu. Moto wa kwanza ni wa kubandika tu, mguso mmoja. Anatenganisha mwili na kifuniko, anavitazama, anavisafisha, kisha kila kimoja kinatiwa moto peke yake, sasa kwa uhakika.

Hakuongea kwa muda mrefu. Mie nilikuwa nimeshika taa ya simu, mkono umekufa ganzi, na nikawa nawaza familia ya Wete iliyoniagiza ua la kiganja. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza kitafunga vipi.

Ndani ya mwili akatia ukingo mwembamba unaosimama juu kidogo ya ukuta ili kifuniko kiuvae. Huo ndio unaozuia pumzi isitoke. Aliusugua kwa tupa nyembamba, akajaribu, akasugua, akajaribu, na kila akijaribu alikuwa anasikiliza. Magharibi ilipoadhiniwa akapitisha waya mgumu katika vijibomba vitano, bila kuugonga bado, akakifungua kifuniko na kukiachia.

Kilishuka wima, kikakaa. Kiligonga kidogo. "Bado hakijajua kufunga," akasema. "Kesho kitajua."

Alhamisi

Asubuhi alikipiga msasa ule ukingo mara mbili tu, basi kikajua.

Halafu zamu yangu. Kifuniko kilijazwa lami kwa ndani, lami ya moto iliyochanganywa na unga wa tofali na mafuta kidogo, ili kikipoa kiwe na mgongo usiobonyea. Juu yake nikapaka chokaa nyepesi, nikachora kwa penseli, nikapitia mistari kwa sindano, nikafuta chokaa. Mchoro ukabaki umekwaruzwa, hauonekani ila ukiuinamisha kwenye mwanga.

Kalamu ya chuma ina ncha yenye pembe kali na kishikio cha mbao cha duara kinachokaa katikati ya kiganja. Unasukuma kwa kiganja, kidole gumba kinaegemea fedha kuwa breki. Ukiinua kishikio inazama, ukikilaza inateleza. Mbele yake unatoka uzi wa fedha unaojikunja. Hadi hapo sawa. Kilichonishangaza ni mpindo. Kwenye hina mkono ndio unaokwenda, kiganja cha bibi harusi kimetulia. Hapa mkono unatulia na kisanduku ndicho kinachozunguka, kimekalia mto wa ngozi uliojaa mchanga, mkono wa kushoto ukikigeuza. Ukitaka ua, unalizungusha ua. Ilinichukua asubuhi yote kuushawishi mkono wa kulia ukae kitako.

Kisha mzee akanifundisha mstari wa kutikisa: badala ya kusukuma moja kwa moja, unaisukuma kalamu huku unaiyumbisha kushoto na kulia, na nyuma yake inaacha ukanda wa meno meno. Kwa ukingo hakuna kitu cha haraka na kizuri kama hicho. Visanduku vya Ulaya vya karne ya kumi na saba na kumi na nane vimejaa mstari huo, na hapa kwetu fundi aliyekuwa na haraka aliutumia vile vile.

Tulibishana juu ya ua la kiganja. Mimi nilitaka kulijaza, kama nilivyoahidi. Yeye akaleta kile kijaluba cha kwanza, kilichochorwa mpaka tumboni, akakiweka dirishani. Mstari wa fedha hauna rangi. Hina unaiona kwa sababu ni nyekundu juu ya ngozi. Mstari wa kalamu unauona kwa sababu kuta zake mbili zinarudisha mwanga tofauti na uso ulio laini kando yake. Ukichora kila mahali, hakuna tena ulaini wa kulinganisha, na kwa mbali unaona kijivu tu. Wahindi wa Kachi walijaza, ni kweli, mizabibu na majani bila nafasi ya kuweka sindano, na kazi yao ilikuwa maarufu mno kutoka mji wao wa Bhuj. Lakini wao walikuwa wakigonga majani yainuke kutoka chini, yawe na kivuli chake. Hilo si kuchora kwa kalamu. Mji huu umepitiwa na mikono ya Kachi, ya Oman, na ya Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, na vito vyao, na anayechanganya bila kujua kipi kinatoka kwa nani anatoa kitu kisicho na kwao. Hayo ni maneno ya mzee. Mimi nadhani mji mzima huu umechanganywa bila kuulizwa na bado una kwao. Nilinyamaza, kwa sababu yeye ndiye mwenye kalamu.

Nilitoa majani yote ya pembeni, nikaacha ua moja, bua lake, na ukingo wa meno meno. Yaliyobaki fedha tupu.

Ijumaa

Nusu siku. Lami iliyeyushwa na kutolewa, tundu la chini likazibwa, kikarudi kwenye ukwaju, kikasuguliwa kwa mkaa na maji, kisha kwa chaki na mafuta. Waya wa bawaba ukagongwa kingo zake mbili, kwa hiyo sasa hautoki. Niliuliza kama tuitie mistari weusi wa kiberiti, yaani salfa. Mzee amekataa, hewa yenyewe itaifanya kazi hiyo bure, akaenda kuoga aende msikitini.

Kwa shangazi palikuwa na pilau. Habari ya vikuku vya shaba nilimpa baada ya kula, na alimtaja aliyemuuzia kwa maneno ambayo siku ya Ijumaa siyaandiki.

Jumamosi

Hesabu. Mizani ya mzee ni ya vikombe viwili. Upande mmoja kijaluba na chenga zilizotoka kwenye ngozi ya chini ya meza, maana chenga na unga wa tupa ni mali ya mwenye fedha. Upande wa pili reale nne, uzito wa fedha tuliyoanza nayo. Zikakaribiana, kikombe cha reale kikashuka kidogo. Kile kidogo kimekwenda na moto na tupa, na kila mwenye fedha hulikubali hilo kabla ya kazi kuanza.

Ujira ameupanga hivi: kuyeyusha na bamba bei moja, mwili bei nyengine, na bawaba peke yake imezidi hivyo viwili ukivijumlisha. Nakshi hakunitoza kwa kuwa nimechora mwenyewe, lakini akaniambia angetoza kiasi gani, nami nikaona aibu, ni kama robo ya bawaba. Familia ya Wete wanadhani wananilipa kwa ajili ya ua. Nitawaandikia hesabu hivyo hivyo ilivyo, bawaba juu, ua chini, na anayebisha nitampa afumbe macho.

Tumekubaliana hivi: yeye ataendelea kufua miili na bawaba, mimi nitachora Wete. Kijana wa kurithi kazi yake hana. Wajukuu wako Dar na mmoja Muscat, na kila mmoja ana kazi ya kukaa kwenye kiti. Nilimwambia nitatafuta msichana wa Pemba mwenye mikono na subira, akasema mikono iko mingi.

Tupa mbili na msasa nimeshanunua Darajani, kalamu ya chuma amenipa yeye, ya zamani, imenolewa mpaka imebaki fupi. Mto wa mchanga nitaushona mwenyewe. Lami nayo nitaipika nyumbani, uani, mbali na nguo za watu. Kisanduku cha pili kitakuja na boti wiki ijayo, shangazi akimpata mtu wa kumkabidhi.